Wasaidizi wa Skauti: Nani Hasa Aliyebeba Mzigo?



Katika mkutano wetu mkuu uliopita, jambo moja lilichukua muda mrefu kuliko hata hesabu za mweka hazina. Mwalimu anayelea kundi la skauti la shule yetu anakaribia kustaafu, naye aliomba wawili au watatu miongoni mwetu, wale waishio karibu, wajitokeze kumsaidia. Mikono haikuinuka. Badala yake zilizuka hoja tatu. Ndugu wa kwanza alisema uskauti ni mabaki ya ukoloni, basi na ufe uzikwe. Wa pili alisema kulea skauti ni kazi ya walimu, kwa kuwa ndio wanaolipwa. Wa tatu alisema kwa upole kwamba angependa, lakini maishani mwake hajawahi kufunga hata fundo moja la skauti. Je, atasaidia nini?

Mkutano ulifungwa bila jibu, na Mhariri akaniomba niandike kidogo juu ya historia ya jambo hili. Kwa kazi mimi ni mtumishi wa Serikali, na siku zangu nyingi hupita baina ya majalada na barua. Lakini historia ndiyo niliyoisoma Chuo Kikuu, na desturi yake moja imenibakia: kabla ya kukihukumu kitu, uliza kwanza ni nani waliokifanya kwa mikono yao. Nimeuliza swali hilo juu ya uskauti, na jibu nililopata ndilo ninalolileta hapa. Chama hiki kilianzishwa na mtu mmoja mashuhuri, lakini kimebebwa na wasaidizi ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Na tena wengi wao walikuwa vijana wa umri wa Kidato cha Nne na cha Sita.

MAFEKING NA BROWNSEA

Vitabu husimulia sana habari za Robert Baden-Powell, na ni haki yake. Hata hivyo, ukiisoma hadithi yake kwa makini utawaona wasaidizi wamesimama pembeni yake kila mahali.

Mji mdogo wa Mafeking, huko Afrika Kusini, ulizingirwa na Makaburu tangu Oktoba 1899 hadi Mei 1900, yaani siku 217. Baden-Powell ndiye aliyekuwa kamanda wa Waingereza mle ndani. Kwa kuwa askari walikuwa wachache, ofisa wake, Lord Edward Cecil, aliwakusanya wavulana wa Kizungu wa mji ule, wengine wakiwa na umri wa miaka tisa tu, akawapa sare na kazi ya kupeleka ujumbe kutoka kituo hadi kituo, ili watu wazima wabaki kwenye mahandaki. Waliifanya kazi hiyo vizuri, na Baden-Powell alitoka na fundisho ambalo hakulisahau: mtoto akipewa kazi ya kweli, tena akaaminiwa, huifanya.

Lakini Mafeking ina upande wa pili, na haifai kuuficha. Ndani ya mji ule ule alikuwamo kijana wa Kiafrika wa miaka 23, Sol Plaatje, mkalimani wa mahakama, aliyekuwa akiandika shajara. Shajara hiyo haikuchapishwa mpaka mwaka 1973. Kwa shajara hiyo na kumbukumbu nyingine twajua kwamba chakula kiligawiwa kwa kufuata rangi, na Waafrika wengi walikufa kwa njaa huku Wazungu wakipata mgao. Plaatje baadaye akawa katibu mkuu wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC. Basi ndugu yetu wa hoja ya kwanza hakubuni kitu. Nitamrudia hapo mbele.

Mnamo Agosti 1907 Baden-Powell alipiga kambi ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Wavulana walikuwa kama ishirini hivi. Baadhi walitoka shule za bweni za matajiri, na ada yao ilikuwa pauni moja. Wengine walikuwa wana wa wafanyakazi, nao walilipa shilingi tatu na peni sita. Aliwachanganya, akawagawa katika vikosi vinne, na kila kikosi kikaongozwa na mvulana mkubwa kidogo kuliko wenzake. Watu wazima kambini walihesabika kwa vidole. Hapo ndipo ulipozaliwa mpango ambao hata leo ni uti wa mgongo wa uskauti: kundi hugawanywa katika vikosi vidogo vya watoto sita mpaka wanane, na kila kikosi huwa na kiongozi wake, ambaye ni mtoto mwenzao. Mtu mzima hamfundishi kila mmoja. Huwafundisha viongozi wa vikosi, nao huwafundisha wenzao.

WATOTO WALIOMTAFUTA MKUBWA

Januari 1908 kitabu cha Scouting for Boys kilianza kutoka, sehemu moja kila baada ya wiki mbili, hadi sehemu sita zikatimia. Mwandishi hakukusudia kuunda chama kipya. Alidhani vyama vya vijana vilivyokuwapo vingechukua mawazo yake na kuyatumia. Mambo hayakwenda hivyo. Wavulana walinunua vile vijitabu kwa senti zao, wakaunda vikosi vyao wenyewe mitaani, kisha wakaenda kumtafuta mtu mzima wa kuwasimamia. Walimwendea mwalimu, mchungaji, karani wa duka, au kaka wa mmoja wao aliyekwisha kuanza kazi. Wengi wa watu hao hawakuwa wamewahi kulala hemani. Walikubali kwa sababu waliombwa.

Tafadhali tuliweke akilini jambo hili, kwa maana ni jibu la kwanza kwa ndugu wa hoja ya tatu. Msaidizi wa skauti wa mwanzo kabisa hakuchaguliwa kwa ujuzi wa mafundo. Alichaguliwa na watoto, naye akajifunza mafundo pamoja nao.

Septemba 1909 skauti zaidi ya 10,000 walikusanyika Crystal Palace mjini London. Miongoni mwao walijitokeza wasichana wachache waliojivika sare, wakadai nao ni skauti. Mwaka uliofuata, 1910, kikaanzishwa chama cha Girl Guides chini ya Agnes, dada yake Baden-Powell. Hata hapo, ni watoto waliotangulia na watu wazima wakafuata.

VITA VYA 1914

Mtihani mkubwa wa kwanza ulikuja Agosti 1914. Waliokuwa wakiongoza makundi walikuwa wanaume vijana, na ndio hao hao waliohitajika jeshini. Katika muda mfupi makundi mengi ya Uingereza yalibaki bila mtu mzima. Mtu angetazamia yavunjike. Mengine yalivunjika, lakini mengi hayakuvunjika. Viongozi wa vikosi, wavulana wa miaka kumi na minne hadi kumi na saba, walikaa baraza, wakapanga mikutano na kushika daftari wao wenyewe. Katika muda wa vita vile skauti zaidi ya 20,000 walipokezana zamu za kulinda pwani ya Uingereza, mahali pa walinzi waliochukuliwa na jeshi la majini.

Mambo hayo hayakutokea kwa bahati. Kulikuwa na mtu aliyeitwa Roland Philipps, mwana wa tajiri, aliyezaliwa mwaka 1890. Angeweza kukaa kwao kwa raha. Yeye akaenda mashariki mwa London, kwenye mitaa ya maskini, akasimamia makundi ya skauti ya huko. Mwaka 1914 alitoa kitabu kidogo juu ya mpango wa vikosi, akisisitiza kwamba uongozi wa mvulana mkubwa usiwe pambo, uwe uongozi wa kweli, wenye madaraka na lawama zake. Aliuawa vitani katika Somme tarehe 7 Julai 1916, akiwa na miaka 26. Katika wasia wake aliacha nyumba huko Stepney Green kwa ajili ya skauti wa mitaa ile, nayo ikaitwa Roland House. Kazi yake haikufa naye, kwa kuwa alikuwa ameipanga iweze kwenda bila yeye.

Vita vile vile ndivyo vilivyowafungulia wanawake mlango. Wadogo wa skauti, watoto wa umri wa shule ya msingi, walikuwa wakisumbua kutaka kuingia, na wanaume wa kuwaongoza hawakuwapo. Vera Barclay, aliyekuwa kiongozi wa kundi la watoto, alimsaidia Baden-Powell kutengeneza mpango wa watoto hao, ambao twawaita Kabu, na kitabu chao kilitoka mwaka 1916. Tangu hapo dada na mama zetu wamekuwa nguzo ya malezi ya Kabu karibu kila nchi.

SHULE YA WASAIDIZI

Baada ya vita Baden-Powell alikubali kwamba nia njema peke yake haitoshi. Msaidizi naye afundishwe. Tajiri mmoja wa Scotland, W. F. de Bois Maclaren, ambaye mwenyewe alikuwa kamishna wa skauti wilayani kwake, alitoa pauni 7,000 kununua shamba la Gilwell Park, karibu na London. Mafunzo ya kwanza yalifanyika hapo Septemba 1919. Watu wazima walilala mahemani, wakagawanywa katika vikosi, wakapika na kuosha sufuria kama watoto. Kusudi lilikuwa kila mmoja aonje maisha ambayo angekuja kuwaongoza wengine kuyaishi.

Waliofaulu walivishwa shanga mbili za mti. Wengi wanaozivaa hapa kwetu hawajui zilikotoka. Za kwanza zilitolewa katika mkufu ambao Baden-Powell aliuleta kutoka vita vya nchi ya Wazulu mwaka 1888, na ambao husemekana ulikuwa wa Dinuzulu, mwana wa Mfalme Cetshwayo. Kwa hiyo alama ya heshima ya msaidizi wa skauti duniani kote ina asili ya Kiafrika, na imetoka katika vita ambavyo Mwafrika alishindwa. Historia mara nyingi huja hivyo, fahari na uchungu vikiwa katika uzi mmoja.

HOJA YA UKOLONI

Sasa nimrudie ndugu wa hoja ya kwanza. Ni kweli kwamba uskauti uliletwa Afrika ukiwa chini ya bendera ya ufalme. Sheria yake ya nne ilisema kila skauti ni ndugu wa skauti mwenzake, lakini wakubwa wa makoloni wakaona taabu kuitimiza. Afrika Kusini wavulana wa Kiafrika walikataliwa. Tangu 1922 wakaundiwa chama chao cha pembeni, Pathfinders. Mwaka 1936, Baden-Powell alipozuru huko, waliruhusiwa kujiita skauti, lakini bado kila rangi na tawi lake. Matawi hayo hayakuunganishwa mpaka mwaka 1977.

Lakini tujiulize: ni nani waliowalea wale vijana wa Kiafrika katika miaka yote hiyo ya kubaguliwa? Walikuwa walimu wa Kiafrika, kwa saa zao za jioni. Wao waliichukua ile sheria ya nne kwa maneno yake yalivyoandikwa, wakawafundisha vijana kwamba wao ni ndugu sawa na skauti yeyote. Mkoloni alileta kitabu; msaidizi wa Kiafrika ndiye aliyekisoma mpaka mwisho, hata pale ambapo mwenye kitabu aliruka ukurasa.

Hapa kwetu hali ilikuwa ya namna hiyo. Chama cha Skauti Tanzania huhesabu mwaka 1917 kuwa mwanzo wake katika Tanganyika. Kwa muda mrefu makundi yalikuwa katika shule za misheni na za serikali, na mzigo ulikuwa mabegani mwa walimu. Miongoni mwa waliopitia humo ni kijana mmoja wa Butiama, Julius Nyerere, aliyejiunga na skauti alipokuwa Tabora, aliposoma kati ya 1937 na 1942. Sisemi kwamba uskauti ndio uliomfanya Mwalimu kuwa Mwalimu. Nasema tu kwamba haukumfanya kuwa kibaraka wa mtu. Na mwaka 1963, Tanganyika ikiwa nchi huru, chama chetu kikaingia katika jumuiya ya skauti ya dunia kwa jina la nchi yetu wenyewe.

Yuko mwingine wa kukumbukwa katika Afrika Mashariki. Baden-Powell alihamia Nyeri, Kenya, mwaka 1938, akafa huko tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake liko pale likitazama Mlima Kenya. Nyumba yake ndogo, Paxtu, ilijengwa katika viwanja vya hoteli ya Outspan. Mwenye hoteli, Eric Sherbrooke Walker, alikuwa katibu wake katika miaka ya mwanzo ya uskauti. Basi hata nyumba ya uzeeni mwanzilishi aliipata kwa mkono wa msaidizi.

WATOTO WA TENGERU

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko mwendo mfupi tu kutoka mjini Arusha, nao haujulikani sana mashuleni.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Poland iligawanywa baina ya Ujerumani na Urusi ya Kisovieti. Upande wa Wajerumani chama cha skauti kilipigwa marufuku, nacho kikajificha na kuendelea kwa siri kwa jina la Safu za Kijivu. Wakubwa walipigana, wadogo wa miaka kumi na miwili hadi kumi na minne walitayarishwa kwa kazi za kusaidia. Mji wa Warsaw ulipoinuka dhidi ya Wajerumani, tangu tarehe 1 Agosti hadi 2 Oktoba 1944, watoto hao waliendesha posta. Walipita kwenye mahandaki na mifereji ya maji machafu wakipeleka barua za jamaa waliotenganishwa na mapigano. Barua haikuruhusiwa kuzidi maneno 25, na haikulipiwa ada.

Upande wa Warusi, familia nyingi za Kipoland zilisombwa hadi Siberia na Asia ya Kati. Mwaka 1941 walifunguliwa, na baada ya safari ya taabu kupitia Uajemi, maelfu yao waliletwa Afrika Mashariki kwa meli. Kambi kubwa kupita zote katika Tanganyika ilikuwa Tengeru, iliyoanza mwaka 1942 na kufikia watu wapatao 5,000. Wengi walikuwa wanawake, watoto na mayatima, kwani wanaume wenye nguvu walikuwa jeshini au walikuwa wamekufa njiani.

Watu hawa, wakiwa wamepoteza nchi, walijenga nyumba za udongo na makuti, kanisa na shule. Na hawakuchelewa kuanzisha makundi ya skauti. Tafakari hali ile. Wanaume wa kuongoza hawakuwapo. Sare ni za kushona wenyewe. Mlima wanaoutazama ni Meru, ambao hakuna kitabu chao kilichoutaja. Kazi ikawaangukia walimu wa kike na vijana wakubwa, wavulana kwa wasichana, ambao wao wenyewe walikuwa wametoka katika njaa. Yatima mkubwa akamlea yatima mdogo. Kambi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na wengi wakatawanyika Uingereza, Canada na Australia. Makaburi ya waliobaki yangali pale Tengeru. Mwanafunzi atakayepita Arusha na aende ayatazame.

Ukiulizwa uskauti ni nini bila kamanda, bila ufalme, bila ruzuku na bila jengo, jibu ni Tengeru.

MLINZI NAYE ALINDWE

Ningeishia hapa ningekuwa nimewapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Iko sura nyingine, na mzazi yeyote anayesoma gazeti anaijua.

Nchini Marekani chama cha skauti cha wavulana kiliomba hifadhi ya mahakama ya mufilisi Februari 2020. Sababu ilikuwa mashtaka ya watu waliosema walidhulumiwa kimwili wakiwa watoto, na viongozi waliopewa dhamana ya kuwalea. Madai yaliyofikishwa yalizidi 82,000, na mfuko wa fidia uliokubaliwa ulipita dola bilioni 2.4. Wengi wa walalamikaji walikuwa wamenyamaza miaka mingi. Chama kilikuwa na orodha za siri za viongozi waliofukuzwa, lakini orodha hizo hazikuwalinda watoto wote, kwa kuwa zilifungiwa kabatini.

Fundisho ni chungu, na ni lazima tulimeze. Jina zuri la kujitolea linaweza kuwa joho la mtu mbaya. Kwa hiyo makundi yenye busara leo yana kanuni ambazo wazee wetu hawakuziandika. Mtu mzima huchunguzwa kabla ya kupokelewa. Hakai faragha na mtoto mmoja. Daima wawepo watu wazima wawili, au wawe mahali pa kuonekana na wote. Halali hema moja na watoto. Na mtoto ajue wazi ni nani wa kumwendea akisumbuliwa, naye mtu huyo asiwe ndiye kiongozi wake wa kundi. Anayeona kanuni hizi ni matusi kwa nia yake njema, nadhani amekosea njia. Na atafute kazi nyingine ya kujitolea, kwani ziko nyingi.

Na hili lamjibu ndugu wa hoja ya pili. Mwalimu mmoja, hata awe malaika, hawezi peke yake kutimiza kanuni ya watu wazima wawili. Siku akienda kambini peke yake na watoto thelathini, kanuni imevunjika kabla hema halijasimama. Tunapokataa kumsaidia, hatumwachii kazi yake tu. Twawapunguzia watoto ulinzi.

KAZI YENYEWE NI NINI?

Sisi tuliosoma hapa katika miaka ya 1990 twakumbuka kwamba mikutano ya skauti ya Jumamosi haikuendeshwa na mwalimu. Iliendeshwa na kaka wa Kidato cha Tano, na mwalimu alikaa chini ya mwembe akisahihisha madaftari, macho yake yakiwa kwetu. Kaka yule alitufundisha kupika ugali wa watu thelathini bila mabonge, kupima urefu wa mti bila kuupanda, na kumbeba mgonjwa kwa mashati mawili na fito mbili. Alipoingia Kidato cha Sita alimkabidhi mwingine daftari na filimbi. Hakuna aliyeona ajabu. Ndivyo kazi ilivyopangwa, na ndivyo Roland Philipps alivyoieleza mwaka 1914, ingawa wakati ule hakuna hata mmoja wetu aliyelijua jina lake.

Kwa hiyo ndugu wa hoja ya tatu asihofu. Mafundo watamfundisha watoto. Yeye na alete alicho nacho. Miongoni mwetu wamo wauguzi. Mmoja aje afundishe huduma ya kwanza. Wamo mafundi, mabwana shamba, madereva, wahasibu na mahakimu. Mhasibu awafundishe vijana kutunza fedha za kambi na kuonyesha stakabadhi. Bwana shamba aoteshe nao miche kando ya uwanja. Jumamosi mbili kwa mwezi zatosha, bora zisikosekane. Mtoto husamehe kiongozi asiyejua, lakini hamsamehi upesi kiongozi asiyefika.

Na ninyi wadogo zetu wa Kidato cha Tatu hadi cha Sita, msidhani mazungumzo haya ni ya wazee. Nimewaonyesha kwamba London mwaka 1914, Warsaw mwaka 1944, na Tengeru katika miaka ile ile, vijana wa umri wenu walishika kazi mara wakubwa walipokosekana. Waliiweza kwa kuwa walikuwa wameizoea kabla ya siku ya shida. Wito wa skauti wa kuwa tayari maana yake ndiyo hiyo. Mkubwa wenu akiwapa kikosi, kipokeeni kama kazi ya kweli; na tangu wiki ya kwanza mtafuteni yule atakayekipokea kutoka mikononi mwenu.

Leo skauti duniani wamezidi milioni 50. Sehemu kubwa kabisa ya kazi ya kuwalea hufanywa na watu wasiopokea mshahara kwa kazi hiyo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na katika mkutano wetu ndivyo tulivyouona mzigo wa yule mwalimu, mwepesi kwa kuwa haukuwa kichwani mwetu. Mkutano mkuu ujao utafanyika hapa hapa shuleni, na jambo hili litakuwa katika ajenda. Mwalimu wetu bado yupo kwa muhula mmoja. Karatasi ya kuandikisha majina ya wasaidizi iko ofisini kwa Mkuu wa Shule, pamoja na fomu ya kuchunguzwa. Jina langu nimekwisha kuliandika, na chini yake pana nafasi.